Namba ya Tela: Mahali Ilipo, Maana Yake na Jinsi ya Kuipima

Kila tusikiapo habari za ajali ya lori barabarani, mara nyingi hutajwa namba mbili: namba ya usajili ya lori na namba ya usajili ya tela lake. Wasikilizaji wengi hudhani kwamba namba ya pili ni ziada tu. Sivyo. Nchini Tanzania tela husajiliwa peke yake, kama chombo kamili, na nchini Kenya matela hupewa hata mfululizo wao wa namba, unaoanza kwa herufi Z. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Kichwa cha lori chaweza kuvuta tela hili leo na tela lingine kesho. Mwenye kichwa aweza kuwa mtu mmoja na mwenye tela mtu mwingine.

Hata hivyo, kibao cha usajili hufungwa kwa skrubu, na kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa kwa bisibisi. Kwa hiyo iko namba nyingine iliyo ya ndani zaidi, ambayo mtengenezaji huigonga katika chuma cha tela siku linapoundwa. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho, ambayo mafundi wetu huiita namba ya chesisi. Makala haya yanakusudia kueleza mahali inapopatikana, jinsi ya kuisoma ikiwa imefichika, na jinsi mwanafunzi wa sekondari awezavyo kuipima kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Kisa cha shule moja

Mwalimu mmoja wa hisabati, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, alinisimulia mkasa ulioifika shule yake. Shule hiyo ina shamba kubwa la mahindi, na ilikuwa imenunua tela lililokwisha kutumika, lililoundwa Ulaya. Siku moja, likiwa limejaa magunia, tela hilo lilisimamishwa barabarani kwa ukaguzi. Askari aliomba kadi, kisha akaomba aonyeshwe namba ya chesisi. Dereva hakujua ilipo. Walizunguka tela, wakaona kibati chenye namba karibu na gurudumu, wakakisoma. Namba ile haikufanana hata kidogo na ile ya kadi. Tela likazuiliwa kwa shaka ya wizi.

Lilikaa kituoni siku 9, na katika siku hizo mvua ilinyesha mara mbili. Hatimaye mwalimu alifika akiwa na brashi ya waya na tochi. Chini ya matope na rangi, mbele ya tela upande wa kulia, akaipata namba ya kweli. Ile iliyosomwa kwanza ilikuwa namba ya ekseli. Lakini hata namba ya kweli ilitofautiana na kadi kwa alama moja: penye sifuri katika chuma, kadi ilikuwa na herufi O. Karani aliyepiga chapa kadi hiyo alikuwa amekosea ufunguo mmoja. Mwalimu alieleza, kwa hoja tutakayoiona hapa chini, kwamba herufi O haiwezi kuwamo katika namba ya aina hiyo. Tela likaachiwa, kadi ikasahihishwa. Magunia ya chini, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kuota ukungu.

Makosa mawili yalifanyika hapo: kutojua mahali pa kutazama, na kutojua kanuni za namba yenyewe. Tuyatazame yote mawili.

Kwa nini namba hugongwa katika fremu

Gari lenye injini lina alama nyingi za kulitambulisha. Lina namba ya injini, lina mtindo wa bodi, lina kioo cha mbele na dashibodi. Tela halina injini wala dashibodi. Mbao zake huoza zikabadilishwa, matairi huisha, taa huvunjika, ekseli huondolewa ikawekwa nyingine, rangi hupakwa upya. Baada ya miaka 20, sehemu moja tu ndiyo iliyobaki ile ile iliyotoka kiwandani, nayo ni fremu: ile mihimili ya chuma inayobeba mzigo wote. Ukibadilisha fremu, umeunda tela jingine. Ndiyo maana namba hugongwa humo. Vingine vyote ni mavazi. Fremu ndiyo mwili.

Kwa kawaida basi tela huwa na kumbukumbu mbili za mtengenezaji. Ya kwanza ni bamba dogo la chuma au karatasi ngumu ya kunata, lililoandikwa jina la mtengenezaji, namba ya utambulisho, na uzito unaoruhusiwa. Ya pili ni namba yenyewe iliyogongwa moja kwa moja katika fremu kwa muhuri wa chuma. Bamba hushikizwa kwa ribiti, nalo laweza kung'oka au kung'olewa. Namba iliyogongwa haing'oki.

Mahali pa kutafuta

Kabla ya kuanza, tuafikiane juu ya maneno "kulia" na "kushoto". Upande wa tela huhesabiwa kwa mtu aliyesimama nyuma yake akitazama mbele, kule tela linakovutwa. Aliyesimama mbele akilitazama tela ataona kulia kwake ndiko kushoto kwa tela. Watu wengi wamepoteza saa nzima wakikwaruza upande usiohusika kwa kutozingatia jambo hili.

Kwanza, tafuta bamba. Sheria ya Marekani yaagiza kwamba karatasi au bamba la tela liwekwe katika nusu ya mbele ya upande wa kushoto, mahali panaposomeka kutoka nje bila kusogeza sehemu yoyote ya tela. Kwa hiyo tela lililotoka Marekani hutazamwa kwanza hapo.

Pili, tafuta namba iliyogongwa katika fremu. Desturi ya viwango vya kimataifa na vya Ulaya ni kuiweka upande wa kulia, inapowezekana katika nusu ya mbele. Kwa tela dogo linalovutwa na trekta au gari dogo, anza na mkono wa tela, yaani ule mhimili, au ile mihimili miwili iliyokutana kama herufi V, inayounganisha tela na kinacholivuta. Kisha fuata mhimili mrefu wa kulia kuelekea nyuma. Kwa tela kubwa ambalo sehemu yake ya mbele hulala juu ya kichwa cha lori, tazama uso wa nje wa mhimili mrefu wa kulia, hasa sehemu ya mbele karibu na miguu ya kuliegeshea; kisha mhimili mfupi wa mbele, karibu na ile pini nene inayoingia katika meza ya kichwa cha lori.

Tatu, usidanganywe na namba nyingine. Ekseli ina bamba lake na namba yake. Kiunganishi cha kuvutia kina namba yake. Tairi lina maandishi yake, na vali za breki vilevile. Hizo ni namba za vipuri, si za tela. Kanuni ya kukumbuka ni hii: namba iliyo juu ya kitu kinachofunguliwa kwa spana ni namba ya kitu hicho tu.

Jambo la usalama halina budi kutajwa. Kabla ya kuinama au kuingia chini ya tela, hakikisha limesimama mahali tambarare, magurudumu yamewekewa kabari mbele na nyuma, na miguu yake imeteremshwa. Usiingie kamwe chini ya tela lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Kuisoma namba iliyofichika

Ondoa matope kwa maji, na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Brashi ya waya hutumika kwa wepesi. Usitumie tindo wala mashine ya kusaga, kwa maana ukikwangua chuma chenyewe utakuwa unaifuta ile namba unayoitafuta, na mkaguzi atakayefuata atakushuku wewe.

Ikiwa rangi imejaa katika alama, fizikia itakusaidia. Usiielekeze tochi moja kwa moja, bali iweke kando, mwanga upite karibu sambamba na uso wa chuma. Urefu wa kivuli cha ukingo ni sawa na kina cha alama kugawanywa kwa tangenti ya pembe iliyo kati ya mwali na uso wa chuma. Tuseme kina ni milimita 0.3. Mwanga ukija kwa pembe ya digrii 45, kivuli ni milimita 0.3 tu, na jicho halikioni vizuri. Ukija kwa pembe ya digrii 10, ambayo tangenti yake ni 0.176, kivuli ni milimita 1.7. Sasa mfereji wote wa alama umejaa giza, na namba yajitokeza. Ndiyo sababu makovu ya ukuta uliosiribwa vibaya huonekana zaidi jua linapotua kuliko saa sita mchana.

Njia ya pili ni ile ambayo watoto huitumia kunakili sarafu. Weka karatasi nyembamba juu ya namba, uishike isisogee, kisha sugua kwa ubavu wa penseli laini. Palipogongwa patabaki peupe. Karatasi hiyo ni ushahidi bora kuliko namba iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu mkono huandika kile ambacho akili imedhani, bali karatasi iliyosuguliwa hunakili kile kilichomo katika chuma.

Maana ya alama 17

Zamani kila mtengenezaji aliandika namba kwa namna aliyopenda. Mwaka 1977 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 3779, kilichoweka mpango mmoja wa alama 17 kwa magari na matela. Marekani iliufanya urefu huo kuwa lazima kuanzia magari ya toleo la mwaka 1981. Matela ya kale, na baadhi ya yale yaliyoundwa katika karakana ndogo, huweza kuwa na namba fupi. Hilo peke yake si dalili ya udanganyifu.

Alama zinazoruhusiwa ni tarakimu kuanzia 0 hadi 9 na herufi za alfabeti ya Kirumi, isipokuwa tatu: I, O na Q. Herufi hizo ziliachwa kwa makusudi kwa sababu zafanana mno na 1 na 0. Hii ndiyo hoja aliyoitumia mwalimu wetu. Ukiona herufi O katika kadi ya tela lenye alama 17, huna haja ya kubishana: aliyeiandika alikosea, nayo yapasa kulinganishwa na chuma.

Alama 3 za kwanza humtaja mtengenezaji. Alama ya kwanza huonyesha sehemu ya dunia au nchi: W ni Ujerumani, J ni Japani, na 1, 4 na 5 ni Marekani, tela lililoundwa Afrika ya Kusini huanza kwa A. Kwa matela, alama ya tatu ina jambo la pekee. Ikiwa ni 9, mtengenezaji ni mdogo, anayeunda vyombo vichache tu kwa mwaka, na utambulisho wake hukamilishwa na alama ya 12, ya 13 na ya 14. Kwa kuwa matela mengi huundwa na viwanda vidogo, tarakimu hii 9 huonekana mara kwa mara.

Alama ya 4 hadi ya 9 hueleza aina ya chombo. Katika Amerika ya Kaskazini alama ya 9 imetengwa kwa kazi ya upimaji tutakayoieleza. Alama ya 10, katika Amerika ya Kaskazini, ni mwaka wa toleo: A ni 1980, B ni 1981, na kadhalika. Mzunguko huu hurudia kila baada ya miaka 30, hivyo B ni 1981 au 2011. Alama ya 11 kwa kawaida hutaja kiwanda, na zilizobaki hubeba namba ya mfululizo.

Tarakimu ya kupimia

Hapa hisabati ya darasani inafika barabarani. Kila herufi hupewa thamani: A na J ni 1, B, K na S ni 2, C, L na T ni 3, D, M na U ni 4, E, N na V ni 5, F na W ni 6, G, P na X ni 7, H na Y ni 8, R na Z ni 9. Tarakimu hubaki na thamani yake. Kila nafasi hupewa uzito, kuanzia ya kwanza hadi ya 17, hivi:

8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 10, 0, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2.

Zidisha kila thamani kwa uzito wa nafasi yake, jumlisha, kisha gawanya kwa 11. Baki ndilo linalopaswa kuonekana katika nafasi ya 9. Baki likiwa 10, huandikwa X, kama Warumi walivyoandika kumi.

Tuchukue namba tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili: 1T9FA2433BC056128. Thamani zake kwa mpangilio ni 1, 3, 9, 6, 1, 2, 4, 3, 3, 2, 3, 0, 5, 6, 1, 2, 8. Tukizidisha kwa uzito twapata 8, 21, 54, 30, 4, 6, 8, 30, 0, 18, 24, 0, 30, 30, 4, 6, 16. Jumla ni 289. Sasa 289 ni 11 mara 26, kubaki 3. Tazama nafasi ya 9: ni 3. Namba imepita.

Tuseme karani amesoma S badala ya 5 katika nafasi ya 13. Thamani ya S ni 2, hivyo 30 inakuwa 12, jumla inakuwa 271, na baki ni 7. Si 3, kosa limefichuka. Tuseme amegeuza 56 kuwa 65. Jumla ni 290, baki ni 4. Kosa limefichuka tena.

Kwa nini 11? Kwa sababu 11 ni namba tasa. Ukikosea thamani moja, jumla hubadilika kwa tofauti ya thamani hizo ikizidishwa na uzito wa nafasi. Tofauti hiyo haizidi 9, na uzito hauzidi 10. Namba mbili zilizo ndogo kuliko 11, ambazo si sifuri, haziwezi kuzaa kigawe cha 11. Basi baki lazima libadilike. Laiti tungegawanya kwa 10, kosa la 5 katika nafasi yenye uzito wa 2 lingepita bila kuonekana.

Kipimo hiki kina mipaka. B ikiandikwa S, hakitaona kosa, kwa kuwa zote mbili ni 2. Tena, kipimo ni cha lazima Amerika ya Kaskazini. Watengenezaji wengi wa Ulaya hawakitumii, na kwao nafasi ya 9 yaweza kuwa na alama nyingine yoyote. Kwa hiyo namba ya Ulaya isiyopita kipimo haimtii mtu hatiani. Kipimo huonya tu; hukumu hutolewa na chuma.

Namba iliyofutwa

Mwizi hujua kwamba namba ndiyo adui yake, hivyo husaga alama mpaka uso wa chuma uwe laini. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilionyeshwa jinsi chuma kisivyosahau upesi hivyo. Muhuri unapogonga, hauchimbi mfereji tu. Hugandamiza na kuvuruga fuwele za chuma zilizo chini ya mfereji huo. Ukisaga mfereji, tabaka lililovurugika hubaki chini yake. Mtaalamu hung'arisha uso, kisha hupaka mchanganyiko wa asidi hidrokloriki na kloridi ya shaba. Chuma kilichovurugika huungana na asidi kwa kasi tofauti na chuma kitulivu cha kandoni, na taratibu namba huibuka kama kivuli. Hii si kazi ya darasani, kwani asidi hiyo ni kali na mafusho yake hudhuru. Inatosha mwanafunzi ajue kwamba kila pigo huacha kumbukumbu ndani ya chuma kuliko jicho linavyoona.

Maswali ya kujaribu

1. Namba yenye tarakimu 1 katika nafasi zote 17 hutumika kujaribia kipimo. Onyesha kwamba jumla yake ni 89 na kwamba inapita.

2. Katika namba ya mfano wetu, badilisha C ya nafasi ya 11 iwe L. Je, kipimo kitaona? Eleza.

3. Nafasi ya 1 na ya 11 zina uzito sawa. Nini hutokea alama za nafasi hizo zikibadilishana mahali?

4. Ikiwa shule yenu au kijiji chenu kina tela, ombeni ruhusa mwende na mwalimu, mtafute namba yake, muinakili kwa karatasi na penseli, kisha muilinganishe na kadi, alama kwa alama. Mkikuta tofauti, mwambieni mwenye tela mapema, kabla tela halijapakiwa mzigo na kuingia barabarani.